Jina Langu Kwenye Santuri

Jumatatu, 3 Machi 1958

Nimeamua kuwa mtu maarufu. Njia imepatikana leo jioni, nikiosha miguu nje ya chumba chetu kwenye nyumba za reli, hapa Nakuru.

Omolo amekuja mbio. Huyu ni shemeji yangu, kaka ya mke wangu Truphosa. Anafunga magunia kwenye kiwanda cha unga, na akitoka kazini ni mweupe kichwa mpaka viatu. Lakini mpe gitaa uone! Hata wanaogombana wananyamaza kwanza. Anasema kuna Mzungu wa santuri anakuja kutoka Nairobi, Jumapili ya tarehe kumi na sita, na mashine ya kunasa sauti. Atasikiliza wapigaji pale ukumbini, atachagua mmoja. Mmoja tu. Omolo macho yamemtoka. Unga umeanza kumwingia kifuani, kila asubuhi anakohoa, na anaogopa akikosa safari hii atabeba magunia mpaka sauti imwishe.

Shida yake: gitaa halisikiki. Watu wakianza kucheza, miguu inalimeza. Akauliza kama mimi, mtu wa stima, naweza kusaidia.

Mtu wa stima! Kusema kweli mimi ni msaidizi wa fundi wa taa za mabehewa. Namshikia ngazi. Lakini nasoma elimu ya redio kwa posta kutoka Uingereza, na nimefika somo la tatu. La pili lilinishinda, nikaliruka.

Nikamwambia naweza, kwa sharti moja. Jina langu liwe ndani ya wimbo. Omolo akasema shemeji hakataliwi, ubeti wa tatu ni wako.

Lo! Jina langu kwenye santuri! Litazunguka Kisumu, litazunguka Kampala. Baba mkwe atalisikia. Yule mzee, tangu nimwoe binti yake, ananiita "huyu kijana". Sasa atanijua.


Jumatano, 5 Machi

Kazi imeanza. Ili sauti ndogo iwe kubwa unahitaji redio. Redio ninayo. Yaani Truphosa anayo. Kaka zake walimnunulia wakati wa harusi, inakula betri ya gari, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata mimi. Hasa mimi.

Truphosa alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nilifungua skrubu moja tu, nione ndani. Skrubu moja huita nyingine.

Spika nimeifunga kwenye mdomo wa debe la mafuta ya taa. Sehemu ya kusemea nimeitoa kwenye simu mbovu iliyotupwa nyuma ya karakana. Unaishika kama unampigia mtu, unaimba, sauti inatokea debeni. Akili hii! Nani kasema lazima mtu asome somo la pili?

Truphosa amerudi kwa wakati mbaya. Jumatano kuna kipindi cha salamu, na dada yake wa Mombasa huwa hakosi kutuma. Akazungusha kidude cha kutafutia stesheni. Kimya. Akafungua kisanduku. Ndani mende mmoja, basi. Akaniuliza redio iko wapi. Nikamweleza kwamba elimu hudai kujinyima. Akanijibu kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba hakuwa anasema juu ya debe lile la mafuta ya taa.

Ugali nimejipakulia mwenyewe. Baridi.


Ijumaa, 7 Machi

Betri imekufa. Nimekwenda kwa Kipketer.

Kipketer ana hoteli ya chai karibu na soko, na lori la kuleta viazi kutoka Kuresoi. Ana pia gramafoni, na majivuno yake yote yamo humo. Kila akiniona ananiambia kwamba gramafoni haikohoi, hailewi, wala haiombi chai ya bure. Simpendi. Nimemwomba betri ya lori kwa upole mwingi. Amekubali upesi mno. Anachotaka ni mashine ipigwe kwanza hotelini kwake, Jumapili mchana, watu waone.

Tumeijaribu nyuma ya nyumba. Nimeiita Ngurumo. Mara ya kwanza imelia kama nguruwe anayevutwa mguu. Akina mama wamenyakua watoto wao. Nikasogeza simu mbali na debe, ikatulia. Omolo akafunga simu kwenye tundu la gitaa kwa kamba, akagusa uzi mmoja.

Salaala! Uzi ule mmoja ulitoka debeni mzito kama kengele ya kanisa. Omolo akalia. Mimi pia, kidogo. Tukasimama pale wanaume wazima, machozi yanatutoka kwa sababu ya debe.

Baadaye akagusa kidude cha sauti, akauliza hiki kinafanya nini. Nikamwonyesha. Akakizungusha. Akakirudisha. Akakizungusha tena. Mpaka giza likaingia hakupiga wimbo hata mmoja, anazungusha tu, anasikiliza, anatabasamu. Mimi kumsaidia nikaishika simu, nikasema maneno mawili matatu ya kujaribu.

Sikujua kwamba nina sauti nzuri hivi.


Jumamosi, 8 Machi

Omolo amefika alfajiri. Nikafikiri amekuja kufanya mazoezi. Kumbe anataka kuazima masomo yangu ya posta. Nimempa yote, hata yale ambayo sijayafungua. Mimi siyahitaji kwa sasa, nafanya mazoezi ya sauti.

Truphosa amenifunga mdomo kwa kunipa maharagwe nichambue. Nimeimba nikichambua. Mawe mawili yamepita, na jino langu moja limeyajua.


Jumapili, 9 Machi

Siku kubwa. Nitaandika yote.

Baada ya ibada tumebeba Ngurumo kwenye mkokoteni mpaka kwa Kipketer. Hoteli imejaa mpaka dirishani. Omolo akaanza. Gitaa lilisikika mpaka stesheni! Kuna mtu amekuja mbio kutoka kule akidhani mambo makubwa yametokea. Miguu ikacheza, na gitaa likawa juu ya miguu. Ushindi!

Ila sasa. Sisi Wajaluo tuna desturi yetu ya pakruok. Mpigaji akikolea, mtu anainuka, anamsimamisha, anamtupia kitu kidogo, kisha anajisifu mbele ya wote: mimi mwana wa fulani, fahali wa mahali fulani, rafiki wa nani na nani. Akimaliza, mpigaji anaendelea. Mpigaji asiposimama amemtukana. Ndivyo mambo yalivyo tangu mababu. Lakini mababu walijisifu kwa mdomo mtupu. Hawakuwa na Ngurumo.

Wa kwanza alikuwa Owino, dereva msaidizi wa gari moshi. Akapewa simu. Akaiweka sikioni, akasema hallo. Tukamgeuzia. Akasema hallo tena, na ile hallo ikagonga ukuta ikamrudia. Uso wake ukabadilika. Akaanza kujitaja, akataja baba, babu, babu ya babu, akataja mtaro waliochimba shambani kwao. Tulimwondoa kwa kumkumbusha kwamba ana zamu.

Nyuma yake kumbe kuna foleni. Foleni! Omolo akipiga mwanzo wa wimbo tu, mkono unainuka. Kipketer mwenyewe, ambaye kwao Kipsigis hakuna mambo haya, alisimama akaishika simu akasifu ng'ombe wake kwa lugha yake, mmoja mmoja kwa jina na rangi. Alipofika kwa ndama, akajifuta macho kwa kitambaa cha meza.

Na mimi? Mimi nilikuwa mwenye mashine. Nilijisifu mara tatu. "Mimi Zeddy, mwana wa Obura, ninayeshika stima kwa mkono na stima ikaniomba radhi!" Watu wakapiga vigelegele. Ya tatu labda ilizidi, niliona watu wakirudi kwenye chai.

Mchana mzima Omolo hakumaliza wimbo. Lakini hakulalamika! Alikuwa amechutama nyuma ya debe, anamzungushia kila mtu kidude kulingana na sauti yake, anafurahi kuliko wote.

Truphosa alisimama mlangoni na kikapu chake. Aliuliza ni nani kati yetu anafanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili ijayo. Maskini, mambo ya sanaa hayajui.


Jumanne, 11 Machi

Balaa kazini. Jana nilipewa waya za behewa la daraja la kwanza niunganishe peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nikafanya huku nikitunga majisifu mapya. Majisifu yakatoka mazuri sana.

Leo asubuhi malalamiko yamerudi na gari moshi. Bwana mmoja akizima taa yake, jirani ndiye anayeingia gizani. Jirani akiwasha, wa chumba cha tatu ndiye anayeamshwa. Safari nzima wamegongeana kuta, kila mmoja akimwambia mwenzake hana adabu. Fomani hakunipigia kelele. Aliniuliza taratibu kichwa changu kiko wapi. Sikuweza kumwambia kiko ndani ya debe.

Nimerudishwa kuosha vioo vya taa. Nimewaza: hata vioo vinahitaji mtu wa kuimba.


Alhamisi, 13 Machi

Mkutano na shemeji kuhusu ubeti wa tatu. Nimemweleza kwamba jina pekee halitoshi, kina Zeddy tuko wengi. Aweke "mwana wa Obura". Akaweka. Nikamwambia aweke na kijiji. Akaweka. Nikamwambia, kama nafasi ipo, aitaje na baiskeli yangu. Akanitazama, akameza mate, akaiweka. Shemeji hakataliwi. Nilimwonea huruma lakini sikumrudishia kitu.

Tatizo ni kwamba hata huo wimbo haujui vizuri. Nimemwuliza ubeti wa pili unaanzaje. Akafikiri, akaniambia ameona kwenye somo la nne jinsi ya kupunguza mlio wa nguruwe. Alaa! Nani mpigaji hapa, nani fundi?

Truphosa alikuwa anasikia. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye Ngurumo, akaking'oa kidude cha sauti, akakitia ndani ya nguo zake pale ambapo mimi tu ningeweza kuthubutu, na leo sithubutu. Akamwambia kaka yake kwa Kijaluo, polepole, kwamba mama yao hakuuza mbuzi ili anunue debe. Alinunua gitaa. Aketi hapo apige.

Omolo akaketi kwenye jiwe la kufulia. Akapiga bila waya, bila debe, bila kitu. Alianza akikosea, kisha vidole vikakumbuka. Akina mama wakaacha sufuria. Mtoto wa jirani aliyekuwa analia akanyamaza na kamasi zake. Wimbo ni wa mtu anayehesabu magunia na kila gunia analiita kwa jina la mtu aliyemwacha nyumbani. Nilikuwa sijawahi kuusikia mpaka mwisho. Ubeti wa tatu ulipopita hata mimi sikujitambua, nilikuwa namfikiria mama yangu.

Baadaye nikakumbuka. Nikamwomba aurudie ule ubeti, kwa sauti zaidi kidogo.


Jumapili, 16 Machi

Niandike tu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kodiani kutoka Molo, magitaa mawili kutoka Naivasha, wazee na vinubi vyao, hata kijana mmoja wa filimbi. Mzungu wa santuri ni mtu mwembamba mwenye jasho. Ana mashine yenye magurudumu mawili na utepe unaopita katikati. Niliitazama kama mtu anavyotazama chakula cha wenzake.

Tukaiweka Ngurumo mbele, na kwa kuwa kidude kilikuwa bado kwa Truphosa, nikaizungushia koleo. Nikaunganisha betri. Ngurumo ikaisikia ile mashine yake, mashine yake ikaisikia Ngurumo, zikaanza kupigiana kelele mpaka yule Mzungu akavua vile vitu vya masikioni akavitupa chini. Akasema, "Debe toa! Toa nje!" Nikatoa debe langu nje kama mtu anayemtoa mzazi wake harusini. Nimeumia, sifichi.

Omolo akapiga bila chochote. Ubeti mmoja tu, Mzungu akainua mkono. "Huyu," akasema. Huyu! Kati ya wote! Truphosa akaziba mdomo kwa kitambaa. Tukaambiwa utepe uliobaki ni wa wimbo mmoja, dakika tatu, hakuna kurudia wala kufuta. Taa nyekundu ikiwaka, "kelele hapana, kohoa hapana, pumua kidogo." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia. Nilielewa kila neno, Mungu shahidi wangu.

Taa ikawaka. Omolo akaanza. Ubeti wa kwanza, safi. Hakukohoa. Wa pili, safi zaidi. Niliona Mzungu amefumba macho. Ukafika wa tatu. Na nikalisikia. Zeddy, mwana wa Obura. Lilitoka tamu, limezungukwa na gitaa pande zote, ukumbi mzima umenyamaza kwa ajili yake.

Sasa niambieni. Kwetu mtu akitajwa namna ile akabaki amekaa, watu wanasema amekufa au ni bahili. Miguu yangu haikuniuliza. Nilisimama. "Simama hapo, omera, ndugu yangu!" Hiyo ni sauti yangu. Na Omolo, maskini ya Mungu, amelelewa vizuri, na mimi ni shemeji yake, akasimamisha vidole.

Nikajisifu. Mzungu alikuwa anapunga mikono yote miwili, nikadhani anafurahi. Nikamtaja baba, nikataja kijiji, nikataja stima iliyoniomba radhi. Nilikuwa kwenye baiskeli, kwenye kengele yake hasa, utepe ulipochomoka ukaanza kupiga pa, pa, pa.

Taa nyekundu ikazimika.

Mzungu akaturudishia tusikie. Wimbo mzuri kuliko nyimbo zote, halafu mimi, mimi, mimi, halafu kengele. Akaanza kukunja waya zake. Usiku huu analala Naivasha, kesho jioni Nairobi.

Omolo aliliweka gitaa ndani ya gunia lake, akalifunga kamba taratibu. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Aliniambia tu nisahau, mambo hutokea, akakohoa, akaondoka kwa miguu. Nimeona aibu. Siyo ya kuchekwa, hiyo nimeizoea. Hii imekaa kifuani na haitaki kushuka. Nimeharibu maisha ya mtu kwa ajili ya kengele ya baiskeli.

Truphosa hajarudi nyumbani. Jirani anasema amemwona akielekea kwa Kipketer.


Jumatatu, 17 Machi

Kazini nimevunja kioo kimoja, kwa mawazo. Omolo hakuonekana kiwandani. Nimerudi, chumba kitupu. Nikawaza mabaya. Nikaapa kwamba akipatikana salama sitaishika simu tena maishani.

Jioni lori la viazi limesimama nje. Truphosa ameshuka. Omolo ameshuka na gitaa. Kipketer yuko kwenye usukani, anatafuna kijiti.

Habari ni hii. Truphosa alimwendea Kipketer jana, akamwomba lori. Kipketer hakuuliza maswali, alipakia viazi vyake asubuhi mapema na kuwapakia wao juu ya magunia, mpaka Naivasha. Mzungu alikuwa anakunywa chai. Utepe mpya alikuwa ameletewa na gari moshi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba yule mtu asiwepo. Truphosa alimwapia. Alisimama mwenyewe mlangoni wakati taa imewaka, na hata jogoo wa pale alimfukuza. Omolo aliimba mwanzo mpaka mwisho. Umenaswa! Umekwenda Nairobi! Mwezi ujao ameitwa akanase nyingine.

Nilimkumbatia Omolo nikamwinua kutoka chini. Nilicheka, nikalia, nikapiga hodi mlango wa kila jirani. Aibu yote ikashuka. Nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu, na Truphosa akisoma hapa asome hivyo hivyo.

Halafu, kwa sauti ndogo, nikauliza kuhusu ubeti wa tatu.

Omolo akaangalia viatu vyake. Kipketer akaangalia viazi vyake. Truphosa ndiye aliyenijibu. Alisema ubeti wa tatu upo, na jina limo, na limekaa vizuri. Kipketer, mwenye lori.

Kipketer! Mtu asiye na desturi ya kutajwa! Kampala yote itamwimba mtu wa viazi! Baba mkwe atauliza ni nani huyu Kipketer aliyemsaidia mwanangu, na atamtumia kuku!

Sikula.


Jumatano, 19 Machi

Nimetulia. Nimefikiri kwa kina, kama mtu mzima, na kosa langu nimeliona. Nilitegemea mdomo wa mtu mwingine.

Omolo anakwenda Nairobi mwezi ujao na hana nyimbo mpya hata moja. Haja yake siyo hiyo. Amechukua Ngurumo chumbani kwake, ameifungua vipande vipande, amefika somo la sita, na gitaa lake la zamani, lililobakiwa na nyuzi tatu, limelala mlangoni likikanyagwa. Nilimwomba. Akanipa bila kuinua macho. Shemeji hakataliwi.

Fomani amenitumia ujumbe kwamba nikitaka kurudi kwenye waya nimwone leo saa nane. Saa nane nilikuwa nyuma ya stoo ya vioo, natafuta vidole vinakaa wapi.

Nimeanza wimbo wangu mwenyewe. Ubeti wa kwanza una jina langu mara nne. Sasa natafuta maneno ya kuweka katikati.